Mnazi Ambao Sikuupanda

Mwaka wenyewe ni ule tuliokula bada mpaka kuku wakaikataa. Mahindi yalichomoza, yakafika magotini, mvua ikakata, yakasimama vile vile kama watu walioitwa halafu wakasahauliwa. Mchele ulikuwepo dukani, tukiuangalia. Basi ikawa muhogo. Tukimenya, tukianika makopa juu ya bati, tukitwanga, tukisonga ugali wake, ndiyo bada, bada asubuhi na bada jioni. Dagaa wakipatikana, tunashukuru. Wasipopatikana, kisamvu. Wanaojua miaka kwa tarakimu watafute wenyewe. Mimi miaka naijua kwa sufuria, na kwa sufuria huo ni mwaka wa bada, na ndio mwaka walioniletea karatasi.

Naandika mwenyewe. Nalisema mapema, kwa sababu watu wakiona bibi wa kanga mbili na nyayo zenye nyufa hudhani yuko mtu nyuma yake anamshikia kalamu. Nilisoma madarasa mawili. La tatu nililisikilizia dirishani, mdogo wangu mgongoni. Mengine niliyapata kwenye kisomo cha watu wazima, nikiwa tayari mama wa watoto wanne. Herufi zangu ni kubwa na zimesimama wima.

Naishi kwenye kambi ya shamba la mkonge, ukiacha barabara ya Pangani ukaingia ndani. Nyumba yetu ni ya mstari, vyumba kumi chini ya paa moja, ukikohoa cha kwanza wa cha kumi anakwambia pole. Fungua mlango wa mbele, mkonge. Zunguka nyuma, mkonge. Mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, na kila jani lina mwiba kwenye ncha. Bahari iko jirani, upepo wake unafika mpaka kwenye kitanda, lakini huioni. Zaidi ya miaka hamsini hapo kambini nimeinusa bahari bila kuiona, kama mtu aliyefungiwa chumba cha pili na harusi.

Kuzaliwa sikuzaliwa hapo. Nimezaliwa Ushongo, ufukweni, kwa watu wenye minazi. Kwetu kitovu cha mtoto kikidondoka kinafukiwa, na juu yake inapandwa nazi iliyochipua. Mtoto akianza kutembea anashikwa mkono anapelekwa: huu wako. Na kwetu ardhi ni kitu mbali, na mti ni kitu mbali. Unaweza kwenda kwa jirani, ukabisha hodi, ukasema, naomba kupanda kwako. Akikubali, ardhi inabaki yake, mnazi unakuwa wako, na ukifa wanao wanaurithi, hata kama wako Unguja. Ugomvi ukizuka wazee wanauliza swali moja tu: nani alipanda? Akisimama mtu akasema mimi, na jirani akasema kweli, nilimwona, watu wanakwenda kula.

Nikaolewa na mkata mkonge. Baba yake aliletwa kutoka bara enzi za manamba, watu waliosombwa kwa mkataba kuja kukata mkonge wa wageni, na mkataba ulipokwisha nauli ya kurudi haikuwepo. Mume wangu alizaliwa kambini. Akasilimu ili anioe, na akaishika dini kuliko kaka zangu waliozaliwa nayo. Siku ya kunitoa, baba yangu aliniambia, "Mwanangu, unakwenda kwa watu wasio na mti." Nikakasirika, nikadhani anamdharau mchumba wangu kwa ubara wake. Nilichelewa sana kumwelewa.

Mwanangu wa kwanza alizaliwa katika chumba cha sita, ndicho hiki ninachoandikia. Kitovu kilipodondoka nikakifukia nyuma ya nyumba, juu yake nikapanda nazi niliyoletewa na mama kutoka Ushongo, chipukizi lake limefika urefu wa mkono. Siku ya tatu akaja mnyapara. Alikuwa kijana bado, kaptula imepigwa pasi, na fimbo ambayo hakuwahi kumpigia mtu lakini hakuiacha nyumbani.

"Nani kapanda huu?"

Nikafurahi. Nikadhani anauliza vile wanavyouliza kwetu. "Mimi," nikasema.

"Ng'oa."

"Chini yake kuna kitovu cha mwanangu."

"Kitovu kiache. Nazi ng'oa."

Mume wangu akanishika kiganja. Mnyapara akanieleza bila ubaya, kama mtu anayemwelekeza mgeni kisima kilipo. "Shemeji, hapa panda mahindi, panda kunde, panda muhogo, mchicha panda. Kitu cha kuvuna kikaisha. Kitu cha kudumu, marufuku. Ukipanda mti, kesho utasema pako."

Nikang'oa mwenyewe, maziwa yananichuruzika kifuani. Ile nazi nikaipasua, ndani mlikuwa na joya, lile tunda jeupe laini wanalogombania watoto, tukalila watu wawili tumekaa kizingitini. Lilikuwa tamu. Sijasahau kwamba lilikuwa tamu.

Nilizaa saba. Sikupanda tena.

Halafu shamba likafa. Dunia ilipata kamba za nailoni, mkonge ukawa hautakiwi, mashine ya kuchuna singa, zile nyuzi za mkonge, ikanyamaza, meneja akaondoka na gari lililojaa viti. Ofisi ikafungwa kwa kufuli. Kiwanda kikaliwa kidogo kidogo na watu wa chuma chakavu, mpaka yakabaki matofali na mbuyu uliojiotea ndani ya tangi. Mkonge ukatoa milingoti yake, ukazeeka, ukaanguka. Watoto waliozaliwa mwaka ofisi ilipofungwa walioa kabla haijafunguliwa tena.

Sasa nisikilize hapa, maana ndipo nilipo.

Miaka yote hiyo hapakuwa na meneja. Hapakuwa na mlinzi wala fimbo. Ofisini walilala popo, harufu yao unaipata toka njiani. Na katika kambi nzima, watu tuliojaa vyumba na mabanda na vibanda vya nyuma, hakuna aliyepanda mnazi. Hakuna mwembe, hakuna mkorosho. Kila masika tunalima mahindi, kila vuli tunalima mahindi, pembeni muhogo. Mpapai ukijiotea jalalani, mtu anautazama kwa wasiwasi kama nyoka.

Yule mnyapara alikuwa amezeeka kama sisi, anakaa chumba cha tisa, analima kamba yake, kipande cha shamba alichojipimia, karibu na yangu. Siku moja tumepumzika kwenye tuta nikamuuliza.

"Shemeji, mbona hata wewe hupandi mti?"

Akanitazama kama nimemuuliza mbona hatembei uchi. "Si wamekataza."

"Nani?"

Akageuka kuitazama ofisi. Popo wawili walikuwa wananing'inia kwenye dirisha lisilo na kioo.

"Wenyewe," akasema.

Nikacheka. Naye akacheka. Tukanyanyuka tukaendelea kupalilia mahindi, yeye kwake, mimi kwangu. Wala kesho yake sikupanda, ingawa nilikuwa na nazi imeota nyuma ya mtungi, nimeiona kwa macho yangu. Niliipika.

Mwaka wa bada, wenyewe wakaja. Mwekezaji mpya. Yeye hatukumwona, tulimwona bwana mmoja kijana, mpole, shati limechomekwa, ana ramani ndani ya bomba la plastiki. Tukaitwa kwenye darasa la shule ya msingi, tukakalishwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa videvu. Yule bwana akaeleza kwa Kiswahili safi. Shamba linafufuliwa. Hakuna atakayeonewa. Mwenye mazao ya kudumu ndani ya mpaka ataandikwa jina na miti yake, na atatambuliwa kuwa ana haki pale. Mwenye mazao ya msimu atajaza fomu ya mwazimaji wa ardhi, na ataendelea kulima mpaka ardhi itakapohitajika. Asiyejaza, trekta likija masika kamba yake italimwa pamoja na pori.

"Sasa," akasema, akafungua daftari, "wenye miti tuanze nao."

Nje watoto walikuwa wanacheza rede.

"Mnazi? Mwembe? Mchungwa?"

Tukatazamana.

"Ndugu zangu, miaka yote hiyo, hata mpapai?"

Jirani yangu wa chumba cha nne akanyoosha kidole. "Mpapai nilikuwa nao. Ulijiotea. Nikaukata."

"Ukaukata kwa nini?"

"Kuogopa."

Watu wakaangua kicheko. Hata yule bwana alicheka, halafu akaacha, maana aliona tunacheka huku tumeinamisha vichwa. Tulikuwa tumekamatwa kwa utii wetu wenyewe. Tulichokatazwa kufanya ndicho tunachoulizwa mbona hatukufanya, na kinywa kilichokataza na kinywa kinachouliza, ukivifuatilia, vimetoka ofisi ile ile.

Nikasimama. Dawati likasimama na mimi, limenibana kiunoni, ikabidi jirani alishike. "Mwanangu," nikamwambia, "hiyo fomu inasema nini?"

Akasoma. Mimi fulani nakiri kwamba ardhi ninayolima nimeiazima, na kwamba sina, wala sijawahi kuwa na, haki yoyote juu yake.

"Kwetu mtu akiazima huenda mwenyewe," nikasema. "Anabisha hodi, anasema naazima, anapewa kwa mkono, na siku ya kurudisha anarudisha. Mimi hodi sikubisha. Baba mkwe wangu hakubisha hodi, alisombwa kama magunia. Mume wangu alizaliwa humu na mgongo wake umebaki humu. Aliyeazima hurudisha. Nami nirudishe nini, na nirudishiwe nini?"

"Bibi, hilo ni neno la kisheria tu."

"Kuazima sikuazima, na dole siweki."

Nyuma mtu akasema, "Basi bibi kapande mnazi kwenye dawati." Wakacheka tena. Yule bwana akaniuliza kwa upole kabisa kama kuna kitu chochote cha kudumu nilichowahi kukitia katika ardhi ile. Nikamwambia vipo vitatu. Watoto wawili na mume. Akaandika. Akasema makaburi hayana shida, yatazungushiwa uzio.

Siku hizo mjukuu wangu alikuwa likizo. Anasoma chuo kikuu, historia ya uchumi, na nasema kwa kujidai maana ni mimi niliyemsomesha kwa makopa. Alikuwa anaandika kazi yake ya mwisho: kwa nini nchi nyingine zilitajirika na nyingine zikabaki, na kwa nini pwani yetu, yenye bandari na mkonge, ilibaki. Alinifuata na simu yake ikirekodi, nikiwa natwanga.

"Bibi, wataalamu wengine wanasema ni ardhi na hali ya hewa. Wengine wanasema ni tabia za watu. Mimi naegemea wale wanaosema ni taasisi."

"Taasisi ipi? Ile ya Raskazone yenye geti?"

Niliwahi kufua nguo huko Raskazone, mjini, miezi minane, kwenye nyumba ya watu wa ofisi, na taasisi kwangu ilikuwa ukuta mweupe na mlinzi.

"Si jengo, bibi. Taasisi ni zile kanuni watu wanazoishi nazo. Nani anaruhusiwa kumiliki, nani anaamua, mtu akipanda ana hakika gani ya kuvuna. Zikiwa mbaya watu hawawekezi. Na zinaweza kuendelea kufuatwa hata mwenye kuziweka ameshaondoka."

Nikauacha mchi ndani ya kinu. "Rudia hapo mwisho."

Akarudia.

"Na hilo umefundishwa na nani?"

"Na profesa."

"Mwambie profesa wako aje chumba cha tisa, amwone mnyapara. Mwambie alete na popo wake."

Nikamsimulia yote, nazi, kitovu, joya, ofisi. Alizima simu katikati. Alikuwa analia, na mimi sikupenda, maana sikumsimulia ili alie. Nilimsimulia kwa sababu alisema kuna watu wanatuona ni wavivu wa pwani, tunaokaa kizingitini tukisubiri nazi ianguke. Hao watu nataka wajue kwamba hiyo nazi haikuwepo. Na nataka wajue pia sehemu ya aibu, ambayo mjukuu wangu alitaka kuiruka: kwamba kwa miaka ishirini na ushei mkono wangu ulikuwa huru, na bado haukupanda. Waliniwekea ukuta, kweli. Ukuta ukaanguka, nami nikaendelea kuuzunguka.

Karibu na masika, yule yule mjukuu akaja kuniketia pembeni jikoni. Nikajua kuna jambo, maana alishika mwiko anisaidie kusonga, na kusonga hajui.

"Bibi. Watu wote wameshaweka dole."

"Nimesikia."

"Umebaki wewe. Trekta limeshafika njia panda. Kamba yako ndiyo inayokulisha. Ushongo huwezi kurudi, kaka yako alishauza minazi yote kwa watu wa hoteli, hata fungu lako."

"Usinikumbushe kaka yangu, bada itaungua."

"Weka tu, bibi. Ni karatasi. Moyoni wewe unajua ukweli."

"Mwanangu, umesoma miaka mitatu kuhusu kanuni mbaya, umekuja kuniambia niweke dole kwenye kanuni mbaya?"

Akageuza bada, ikaota mabonge.

"Ndiyo," akasema. "Kwa sababu kwenye vitabu hakuna anayelala njaa. Huku utalala wewe."

Maneno yake yalikuwa ya kweli na nilimpenda kwayo. Usiku nisiuzungumze, usingizi ni wangu mwenyewe. Niseme tu kwamba mchana kutwa wa kesho yake nilitembea ndani ya kamba yangu toka mwanzo mpaka mwisho, na mwisho nikakuta mkonge, nikarudi, na mwanzo nikakuta mkonge. Nikiweka dole, nabaki na shamba na kumwita marehemu mume wangu mwazimaji. Nisipoweka, nabaki na neno langu na chungu kitupu. Jirani wa chumba cha nne alinishauri nichukue nazi iliyoota niifukie haraka, niseme ya zamani. Nikamwambia mnazi hausemi uongo, kila kuti likianguka linaacha alama yake shinani, na mtoto wa Ushongo hadanganyi kwa mnazi. Yeye akasema mtoto wa Ushongo atakula alama za makuti.

Jumatatu mwenyekiti wa kitongoji akaja mlangoni. Amezaliwa mstari huu huu, chumba cha kwanza, na kitovu chake nilikikata mimi kwa wembe uliochemshwa. Mkononi ana fomu yangu ndani ya bahasha, na kile kidude cha wino cha kuwekea madole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umekuja na wino."

"Nimekuja na wino, bibi."

"Hukuniuliza kama najua kuandika."

Akainamisha kichwa. "Najua unajua. Wamesema madole, ili wote wafanane."

Nikamkaribisha, nikampa bada na dagaa, maana siku ile dagaa walikuwepo. Akala vizuri, akanawa, akakifungua kidude cha wino akakiweka kwenye mkeka kati yetu. Mjukuu wangu alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu. Tuliisikia ngurumo ya trekta upande wa kiwanda.

"Bibi," mwenyekiti akasema, "mimi si wao. Mimi ni wako. Nimewaomba siku mbili, wamenipa siku mbili, ndizo zinaisha leo. Ukiweka, kesho watairuka kamba yako. Usipoweka, mimi ndiye nitakayesimama pale kuwaonyesha mpaka, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Usinitie kwenye hilo."

"Ulizaliwa wapi wewe?"

"Chumba cha kwanza."

"Kitovu chako kiko wapi?"

Akafikiri. "Mama alisema nyuma ya choo."

"Juu yake kuna nini?"

Alijua kama ninavyojua. Nyuma ya choo kuna muhogo, na kabla ya huo muhogo palikuwa na muhogo, na mwakani patakuwa na mkonge.

"Na wewe uliweka dole?" nikamuuliza.

Akanionyesha. Dole gumba lake bado lilikuwa na zambarau kwenye kucha, amesugua kwa sabuni haikutoka. Nikaushika mkono ule. Nilikuwa wa kwanza kuushika alipotoka duniani, ulikuwa na damu, mdogo kama jani la mchicha. Sikumlaumu. Ana watoto watano na hana makopa.

"Bibi," mjukuu wangu akasema mlangoni, polepole, bila kuniambia niweke wala nisiweke.

Trekta likanyamaza, halafu likaanza tena, karibu zaidi. Nikaitazama ile fomu. Jina langu wameliandika kwa mashine, limekaa sawasawa, zuri kuliko ninavyoliandika mimi. Chini yake wameacha mraba mtupu, mdogo, wa kutosha dole moja tu. Nikauangalia mraba ule muda mrefu. Wino kwenye kidude ulianza kukauka pembeni, na mwenyekiti akautemea mate kidogo usiishe.

"Niwaambie nini, bibi?"

"Waambie nilivyosema darasani."

"Sikuwepo darasani, nilikuwa napanga foleni nje."

Basi nikamwambia neno langu, ili alibebe kama lilivyo, asipunguze wala asiongeze:

"Kuazima sikuazima, na dole siweki."